Ngoma Moja Moja: Jinsi Unknown Pleasures Ilivyojengwa

Wimbo wa kwanza katika santuri ya Unknown Pleasures unaitwa "Disorder", nao unaanza kwa ngoma. Stephen Morris anapiga mapigo ya haraka yasiyoyumba hata kidogo. Baada ya sekunde chache besi inaingia, kisha gitaa, na wimbo unaondoka. Sekunde hizo za mwanzo zinastahili kusikilizwa tena na tena kwa spika za masikioni. Snea, ile ngoma yenye nyuzi za chuma tumboni, inalia mahali pake. Ngoma ya mguu inalia mahali pake. Matoazi nayo yana mahali pake. Hakuna inayomwingilia mwenzake. Kati ya sauti na sauti pamebaki nafasi, na nafasi hiyo nayo imetengenezwa na watu, sawa na sauti zenyewe.

Santuri hii ilitoka tarehe 15 Juni 1979 chini ya lebo changa ya Factory ya mjini Manchester, Uingereza. Ina nyimbo 10, na zote kwa pamoja hazifikishi dakika 40. Ndiyo albamu ya kwanza ya Joy Division, bendi ya vijana wanne: Ian Curtis aliyeimba, Bernard Sumner aliyepiga gitaa, Peter Hook wa besi, na Morris wa ngoma. Mtayarishaji wake alikuwa Martin Hannett. Curtis alifariki tarehe 18 Mei 1980 akiwa na umri wa miaka 23, na tangu siku hiyo watu wengi huisikiliza albamu hii kama matanga. Kila wimbo hutafutiwa dalili ya kifo kilichokuwa hakijatokea. Huzuni hiyo ni halali, lakini ina gharama yake: kazi inafunikwa. Giza tunalolisikia humu halikujiingiza lenyewe kwenye utepe. Liliundwa na watu waliokuwa makini sana, pigo kwa pigo, na mimi nataka kuitazama kazi yao kwa utaratibu uleule walioutumia.

Kazi ilianza mbali na studio. Tarehe 4 Juni 1976 kundi la Sex Pistols lilipiga katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, Manchester, na miongoni mwa watazamaji wachache waliokuwapo walikuwa Sumner na Hook. Mara baada ya usiku ule Hook alinunua gitaa la besi bila kujua kulipiga. Huo ndio uliokuwa ujumbe wa panki: shika chombo, anza leo, ufundi utakuja baadaye au usije kabisa. Wengi walianza na wakaishia hapohapo. Hawa walianza, halafu wakabaki na swali la nini kifuate baada ya kelele, na jibu lake walilitafuta kwenye mazoezi. Curtis alijiunga nao kwa kujibu tangazo lililobandikwa katika duka la santuri. Morris, mtoto wa Macclesfield kama Curtis, aliingia mwaka 1977, na hapo bendi ikakamilika.

Walifanyia mazoezi katika vyumba vya T. J. Davidson, mtaa wa Little Peter, ndani ya jengo la zamani la viwandani lenye baridi kali. Mchana walikuwa na kazi zao. Hook alikuwa mtumishi wa bandari ya mfereji wa Manchester, Sumner alifanya kazi katika kampuni ya filamu za katuni, Curtis alikuwa katika ofisi ya ajira, na Morris alikuwa katika biashara ya baba yake. Jioni walikutana na kupiga. Hawakuandika noti. Sumner, Hook na Morris walipiga bila mpango huku Curtis akisikiliza. Akisikia kipande chenye uhai anawasimamisha: hicho, kirudieni. Wanakirudia hadi kinakaa, kisha wanatafuta kipande cha pili cha kukiunga nacho. Curtis ndiye aliyekuwa sikio la bendi kabla hajawa sauti yake. Ana rundo la karatasi zenye mashairi, na kipande kinapokuwa tayari anachagua mojawapo na kuanza kuimba juu yake.

Katika chumba kile Hook aligundua namna ya kupiga ambayo leo mtu huitambua kwa noti tatu tu. Amplifaya yake ilikuwa duni na ya Sumner ilikuwa na nguvu. Akipiga noti za chini, kama mpiga besi yeyote afanyavyo, zilizama katika kelele na yeye mwenyewe hakuzisikia. Basi akapandisha mkono kwenye shingo ya gitaa, kule nyuzi zinakolia kwa sauti nyembamba, na huko akajisikia. Curtis alipenda alichosikia na akamhimiza abaki hukohuko. Kilichoanza kama njia ya kukwepa ubovu wa chombo kikageuka kuwa mtindo: besi inayobeba melodia ya wimbo, inayoimba badala ya kusindikiza.

Besi ikipanda, chini panabaki wazi, na Sumner alielewa kwamba gitaa halina haja ya kupigana nayo. Humu hakuna solo ndefu za kuonyesha wepesi wa vidole. Gitaa linakaa kimya beti nzima, kisha linaingia na kipande kifupi, kikavu, chenye makali, na kutoka tena. Katika "Shadowplay" besi inafungua wimbo ikiwa na matoazi mepesi nyuma yake, na gitaa linapokuja linakuwa kubwa kwa sababu lilisubiri. Kunyamaza kwa mpiga gitaa ni ujuzi mgumu kuuona, maana hauna kitu cha kuelekezea kidole. Unaonekana pale tu gitaa linapofika na chumba chote kugeuka.

Morris alileta kitu kingine. Alikuwa msikilizaji mkubwa wa Can, bendi ya Ujerumani ambayo mpiga ngoma wake, Jaki Liebezeit, alishika mzunguko mmoja wa mapigo na kuuzungusha kwa dakika nyingi bila kuuacha. Morris alijifunza kwake kwamba marudio yanaweza kuwa na nguvu kuliko madoido. Wapiga ngoma wengi hujaza kila mwisho wa beti kwa fujo ya tomu, zile ngoma nyingine za seti, na matoazi. Yeye anaunda muundo mmoja kwa kila wimbo, mara nyingi muundo usio wa kawaida, na akishaujenga anaulinda. Anabadilisha jambo moja dogo kwenye kiitikio, kisha anarudi. Kupiga hivyo kunahitaji mwili usiochoka na moyo usiotamani sifa.

Hawa ndio Hannett aliowapokea. Alizaliwa mwaka 1948, alisomea kemia, na kabla ya hapo alikuwa ameitayarisha Spiral Scratch ya Buzzcocks, santuri ndogo iliyotoka Januari 1977 na kuwaonyesha vijana wa Manchester kwamba wanaweza kutoa kazi zao wenyewe bila kampuni kubwa za London. Alipenda mitambo na alipenda kuelewa sauti inasafirije. Alishirikiana na wahandisi wa AMS, kampuni ya Burnley iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kuchelewesha sauti kwa njia ya dijitali, teknolojia ambayo wakati huo ilikuwa mpya kabisa. Alikuwa ameshawarekodi Joy Division mara moja, Oktoba 1978, katika studio ya Cargo mjini Rochdale, na wimbo mmoja wa siku hiyo unaitwa "Digital".

Aprili 1979 wakaingia Strawberry, studio iliyokuwa Stockport, kusini kidogo mwa Manchester. Ilikuwa studio ya hali ya juu, inayohusishwa na bendi ya 10cc, iliyokuwa imerekodi humo wimbo wake mashuhuri "I'm Not in Love". Fundi mitambo alikuwa Chris Nagle. Kwa vijana waliozoea kubana nyimbo zao ndani ya saa chache, meza ile ya kuchanganyia sauti ilikuwa ulimwengu mwingine. Walifika wakidhani kazi ni kupiga kama wanavyopiga jukwaani, kwa kasi na kwa kishindo, na mitambo ishike. Hannett alikuwa na mpango tofauti, na mpango huo ulianzia kwa Morris.

Ili kuelewa alichotakiwa kufanya, inabidi kujua tatizo la kurekodi ngoma. Seti ya ngoma ni vyombo vingi vilivyosongamana mahali pamoja. Ukiweka kipaza sauti mbele ya snea, kinashika snea, lakini kinashika pia matoazi yaliyo juu yake na tomu iliyo pembeni. Ukipiga tomu, nyuzi za chuma zilizo chini ya snea zinatetemeka zenyewe na kutoa mlio hafifu. Katika muziki mwingi jambo hili halisumbui. Mchanganyiko huo ndio unaoifanya seti isikike kama kitu kimoja. Kwa Hannett lilikuwa kikwazo. Alitaka aitie snea ndani ya chumba chake, na ngoma ya mguu ndani ya chumba kingine, na hilo haliwezekani ikiwa sauti ya moja imebeba mabaki ya nyingine. Kila kitu unachomfanyia mmoja kitamwangukia na mwenzake.

Basi akamtaka Morris apige ngoma moja moja. Morris ameeleza kwamba jambo hilo lilifanyika hasa kwa nyimbo ambazo Hannett aliziona zinaweza kusimama peke yake kama santuri ndogo. Tufikirie maana yake. Mpiga ngoma ana viungo vinne vilivyofundishwa kufanya kazi kwa pamoja. Mguu wa kulia unajua uende lini kwa sababu mkono wa kushoto umeshuka. Sasa unamwambia apige ngoma ya mguu tu, mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kisha arudi apige snea tu. Kisha matoazi tu. Kila safari viungo vingine vinataka kufanya kazi yao na vinakatazwa. Lazima aubebe wimbo mzima kichwani na kuutoa kwa vipande. Fundi cherehani hukata mgongo, mikono na kola mbalimbali, na shati halionekani mpaka vipande viungwe. Lakini fundi ana chaki na futi ya kupimia, na Morris alikuwa na kumbukumbu ya mwili wake tu. Kipande kimoja kikichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mshono wote unaonekana.

Na hakikuchelewa. Hilo ndilo linalonishangaza kila ninapoirudia albamu hii. Ngoma zilizopigwa kwa vipande zinatembea kwa mwendo wa binadamu mmoja, na zina msukumo unaokufanya utikise mguu. Yeyote aliyewahi kushika fimbo za ngoma anajua kwamba kuweka muda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufanya muda huo upumue. Morris alifanya yote mawili huku amegawanywa viungo.

Baada ya vipande kutenganishwa, Hannett akaanza kuvijengea vyumba. Kifaa cha AMS hufanya jambo ambalo kwa maneno ni rahisi: huichukua sauti, huigeuza kuwa tarakimu, huishikilia kwa muda mfupi, kisha huiachia. Muda ukiwa mrefu, tunasikia mwangwi wa kawaida, kama mtu aliyeita bondeni. Muda ukiwa mfupi sana, sikio halisikii mwangwi tena. Linasikia ukubwa. Linaamini kwamba snea imepigwa mahali penye kuta, na kuta ziko umbali fulani. Kwa kuchagua muda huo kwa uangalifu, Hannett aliweza kumpa kila mpigo chumba chake, kipana au chembamba, chenye baridi au kikavu. Ndiyo maana ngoma za albamu hii zinasikika karibu na mbali kwa wakati mmoja: pigo lenyewe liko sikioni, na kivuli chake kiko ng'ambo ya ukumbi.

Wimbo unaoonyesha haya yote kwa ukaribu ni "She's Lost Control". Unaanza kwa muundo wa Morris, mgumu kama kazi ya karakana, ukiwa na mlio wa ngoma ya umeme aina ya Synare, kifaa kidogo cha duara mfano wa sahani. Pigo kavu la snea limevikwa sauti ya kufyonza, kama pumzi inayokatwa ghafla. Morris amesimulia kwamba kwa ajili ya wimbo huu aliingia ndani ya kibanda cha mwimbaji akiwa na kopo la dawa ya kusafishia vichwa vya mashine ya utepe, akawa anaipulizia kwa kufuata mapigo huku kibanda kikijaa mvuke wake. Mtu anahitaji usahihi kiasi gani ili kopo la dawa liwe chombo cha muziki? Pulizo likiwahi au likichelewa, linakuwa kelele. Likitua pamoja na pigo, linakuwa ngozi mpya ya ngoma.

Juu ya ngoma hizo besi ya Hook inaingia, juu kabisa, na kuimba melodia yake inayozunguka. Gitaa la Sumner linakuja baadaye na linakwenda chini, kwa kishindo kizito cha nyuzi nene. Mpangilio wa kawaida umepinduliwa: besi dari, gitaa sakafu. Na katikati, mahali palipoachwa wazi na wote watatu, Curtis anasimama. Wimbo wenyewe unamhusu mwanamke aliyemfahamu kwa sababu ya kazi yake ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira, mwanamke aliyekuwa na kifafa na ambaye baadaye alifariki. Curtis mwenyewe alikuwa amegunduliwa kuwa na kifafa Januari 1979, miezi michache tu kabla ya kurekodi. Mwimbaji mwingine angepiga kelele. Yeye anaimba kwa sauti nzito, ya usawa, kama mtu anayetoa ushahidi na hataki neno lake lolote lipotee. Kujizuia huko ni uamuzi wa kisanii, na ni uamuzi uleule wa gitaa linalongoja na ngoma isiyojaza.

Hannett hakuishia kwenye vyombo. Strawberry ilikuwa na lifti, naye akaitumia: spika ya kuzunguka ya aina ya Leslie ikawekwa ndani yake na mivumo ikarekodiwa. Mwanzo wa "Insight" ni sauti ya lifti hiyo, milango na mitambo, kabla ya besi kujitokeza taratibu. Katika wimbo huohuo sauti ya Curtis ilipitishwa kwenye laini ya simu, ili iwe na umbali ambao hakuna kitufe cha mtambo ambacho kingeweza kuutoa. Kwa "I Remember Nothing", wimbo wa mwisho na wa polepole kuliko zote, unasikia vioo vikivunjika. Sumner alikuwa na sintesaiza ya Transcendent 2000 aliyoiunga mwenyewe kutokana na vipuri vinavyouzwa kwa ajili ya mafundi wa nyumbani, nayo ina nafasi yake katika ukungu wa sauti za albamu hii. Cha kuzingatia ni kiasi. Kila kimoja kati ya vitu hivi kimewekwa mara chache, mahali pake, kisha kikaondolewa. Mtu mwenye lifti, simu na vioo angeweza kuzirundika nyimbo zote kwa vituko. Hannett aliweka vioo vichache na kuacha kimya kivizunguke.

"New Dawn Fades", inayofunga upande wa kwanza, inafunguliwa na kipande cha sauti kutoka "Insight" kilichochezwa kinyumenyume na kubadilishwa hadi hakitambuliki. Kisha bendi inafanya jambo la kinyenyekevu na kubwa mno: besi ya Hook inashuka ngazi za noti huku gitaa la Sumner likipanda. Ni hayo tu. Mmoja anateremka, mwingine anakwea, na wanapishana njiani mzunguko baada ya mzunguko. Hakuna anayeharakisha. Morris anawashikia sakafu. Curtis anaanza chini, karibu na besi, na kadiri wimbo unavyosonga sauti yake inalifuata gitaa, mpaka mwishoni anaimba kwa nguvu zote. Ukisikiliza bila kujua muundo huu unapata hisia ya kuvutwa pande mbili. Ukiujua, hisia haipungui. Unaongeza heshima kwa watu waliojua kwamba mistari miwili rahisi, ikipangwa vizuri, inatosha kwa wimbo mzima.

Kazi ilipokamilika, wanamuziki hawakufurahi wote. Curtis na Morris waliikubali. Hook na Sumner waliumia. Jukwaani walikuwa bendi nzito na yenye hasira, nao waliona Hannett amewapunguzia uzito na kuwapaka rangi ya giza ambayo hawakuiomba. Malalamiko yao yalikuwa na msingi: rekodi za maonyesho yao ya miaka hiyo zinathibitisha walikuwa wakali kiasi gani. Lakini nguvu ile haikutoweka kwenye albamu. Hannett aliitandaza. Kishindo ambacho ukumbini kilikufikia kama ukuta mmoja, hapa kimefunguliwa ili uone matofali yake. Hook mwenyewe, miaka mingi baadaye, amekiri kwamba Hannett aliifanya kazi hiyo vizuri. Na ingekuwa bure kutenganisha sauti za watu wasiojua kupiga. Nafasi tupu haifichi kosa. Kuufungua ukuta namna ile kulikuwa, kwa upande wa Hannett, tendo la kuwaamini.

Jalada lilipata uangalifu uleule. Bendi ilipendekeza picha kutoka ensaiklopidia ya astronomia ya Cambridge: mistari iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukiwa na vilima katikati. Ni rekodi ya mawimbi ya redio ya nyota CP 1919, pulsa ya kwanza kugunduliwa, aliyoibaini Jocelyn Bell Burnell mwaka 1967. Msanifu Peter Saville aliigeuza rangi, mistari myeupe juu ya weusi, akaichapisha kwenye karatasi yenye mparuzo, na mbele hakuweka jina la bendi wala la albamu. Nyota hiyo hutoa mpigo mmoja kila baada ya sekunde 1.337, bila kukosa, na bado ukiitazama picha kwa makini hakuna mistari miwili yenye umbo sawa. Muda ni uleule. Sura ya kila pigo ni yake. Sijui kama kuna picha ingeweza kuwaelezea vizuri zaidi wanamuziki hawa, na hasa yule aliyekaa nyuma na fimbo zake.

Tony Wilson wa Factory alitumia akiba yake mwenyewe kugharimia nakala 10,000 za kwanza. Pande za santuri hazikuitwa wa kwanza na wa pili; ziliitwa upande wa Nje na upande wa Ndani. Leo mistari ile ya nyota imesambaa kwenye fulana duniani kote, na wengi wanaoivaa hawajawahi kuusikia hata wimbo mmoja. Kwao ningependekeza jaribio dogo: chagua "She's Lost Control", sahau maneno, fuata snea peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha rudia ukifuata besi. Albamu hii ni miongoni mwa chache zinazokuruhusu kufanya hivyo bila taabu, kwa kuwa waliotangulia kuifuata ngoma moja moja ni wale walioirekodi.

Matunda ya uvumilivu huo hayakuishia hapo. Baada ya kifo cha Curtis, watatu waliobaki waliendelea kama New Order, wakaongezewa Gillian Gilbert, na Machi 1983 walitoa "Blue Monday", wimbo uliojengwa juu ya mashine ya ngoma. Wapiga ngoma wengi wa kizazi kile waliiogopa mashine hiyo; iliwataka wafikiri kila ngoma kwa nafasi yake, waamue kila pigo kabla halijalia, wasitegemee mwili uwaongoze. Morris hakuwa mgeni wa fikra hizo. Alikuwa ameshazifanyia kazi Stockport, kwa mikono na miguu yake, ngoma moja kwa wakati mmoja, na alipokabidhiwa mashine alikuwa tayari kuifundisha alichokuwa akikijua.